Kumfuata Mke Pangani

Kwetu Mji wa Kale, Mombasa, mwanamume akioa mara nyingi yeye ndiye anayebeba begi. Lamu desturi hii ina nguvu zaidi: baba mwenye uwezo humjengea binti yake nyumba, au humpandishia ghorofa juu ya nyumba yake mwenyewe, na bwana harusi huingia humo akakaa, wakati wa fungate na baada yake. Hakuna anayemcheka. Babu yangu mzaa mama aliishi katika nyumba ya mkewe mpaka siku aliyotolewa humo kwa jeneza, na mtaani alihesabiwa bwana mkubwa. Basi mke wangu, muuguzi wa serikali wilayani Pangani, aliponiambia kwamba hawezi kuacha kazi yenye pensheni wala kumwacha mama yake mzee, sikuona tabu kujibu kwamba nitakwenda mimi. Tabu niliiona nilipokaa kitako kusoma sheria.

Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inamjua mke anayemfuata mume. Mwanamke mgeni aliyeolewa na raia ana haki ya kuomba uraia wa tajnisi wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamume mgeni aliyeoa raia hakutajwa. Huyo ni mgeni kama wageni wengine: atimize jumla ya miaka 7 nchini ndani ya kipindi cha miaka 10, aongeze miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, na akikubaliwa aukane uraia wake wa kwanza, maana Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Kenya nayo ilikuwa na upendeleo huohuo katika katiba ya zamani. Katiba ya 2010 ikaufuta: siku hizi ndoa ya miaka 7 inampa mke au mume haki ya kusajiliwa kuwa raia, tena bila kuvua uraia alionao. Miaka 7 si michache, lakini angalau wote wanaisubiri sawa.

Tulifunga nikahi Vanga, kwa mama yake mdogo, kijiji cha Kenya karibu na pale bahari inapogeuka kuwa ya Tanzania. Ilikuwa rahisi kwa pande zote mbili. Watu wa Pangani walipanda na sisi tukateremka. Kwa hiyo mpaka nimekuwa mume wa mtu, nilikuwa sijatia mguu nyumbani kwake. Safari niliifunga Agosti 2025, kusi likiwa bado linavuma.

Nilivuka feri ya Likoni alfajiri na mabegi mawili, moja la nguo na moja la vitabu, nikapanda matatu ya Lunga Lunga. Njia hiyo naijua hadi Msambweni. Baada ya hapo nilikuwa msafiri kweli. Mfukoni nilikuwa na pasipoti ya Afrika Mashariki na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Wakenya tumezoea vibaya: tangu 2014 tunaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu, basi wengi hudhani kila mpaka uko hivyo. Tanzania haikuingia katika mpango ule. Asiye na pasipoti hukata kibali cha muda cha kusafiria, kama alivyofanya bibi mmoja wa Kidigo niliyekaa naye kiti kimoja, aliyekuwa anakwenda matangani Duga Maforoni. Karatasi yake aliikunja mara nne akaitia kwenye pindo la leso.

"Huyo marehemu ni mtoto wa ndugu yangu," aliniambia. "Nyumba yake na yangu, jogoo wake akiwika namsikia. Lakini yeye Mtanzania."

Hakuwa anatia chumvi sana. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa Ulaya wakapiga mstari kutoka mdomo wa mto Umba kwenda bara, wakazunguka Kilimanjaro, wakaendelea hadi Ziwa Viktoria. Wadigo walikatwa vipande viwili kama kitambaa. Kabla ya mstari ule, mtu wa Mombasa na mtu wa Pangani wote walikuwa chini ya bendera moja ya Sultani wa Zanzibar, na aliyetaka kuoa kusini alihitaji nahodha na upepo, basi.

Horohoro, pale mpakani, ni kituo cha pamoja. Anayetoka Kenya hasimami upande wa Kenya. Anaingia jengo la Tanzania na kuwakuta maafisa wa nchi zote mbili madirisha jirani. Mkenya alinigongea muhuri wa kutoka bila neno. Hatua tatu kushoto, dirisha la Tanzania, afisa kijana mwenye sauti ya upole.

"Karibu, kaka. Unakwenda wapi?"

"Pangani."

"Kufanya nini?"

"Kwa mke wangu."

Akatazama begi la vitabu. "Mkeo Mtanzania?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo unamtembelea."

"Nahamia."

Mwenzake aliyekuwa akipanga karatasi nyuma akacheka. "Kaka, hapa hatuna muhuri wa kuhamia. Tuna wa kutembelea."

Nikagongewa wa kutembelea, miezi mitatu. Yule kijana akanirudishia pasipoti lakini hakuiachia mara moja. Akaniambia niende ofisi ya Uhamiaji ya wilaya mapema, nisingoje wiki ya mwisho, na kwamba kwa muhuri ule naruhusiwa kula, kulala na kusali, ila si kufanya kazi ya kulipwa. Alisema kama ndugu anayemwonya ndugu. Nimewahi kuhudumiwa vibaya zaidi nikilipia maji.

Nje, wabadilisha fedha walinizunguka na mabunda yao. Shilingi moja ya Kenya ilikuwa inakwenda kwa 19 na ushei za Tanzania, na nikajikuta ghafla nina malaki. Utajiri huo ulidumu hadi nilipolipa nauli ya kwanza.

Kutoka Horohoro hadi Tanga ni kilomita 65 za lami nzuri. Tulipofika Duga yule bibi akashuka na kutuombea dua sote, kisha mashamba ya mkonge yakaanza. Wengi hudhani mkonge ni mwenyeji wa Tanga kwa jinsi ulivyoshika ardhi. Ni mgeni kama mimi. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na iliyobaki hai baada ya safari ndefu ikapandwa Kikogwe, hukohuko Pangani, mwaka 1893. Kisha mkonge nao ukaita wageni wengine: wakati wa ukoloni manamba waliletwa mashambani kutoka bara ya mbali na hata ng'ambo ya mipaka, na wengi hawakurudi kwao. Wajukuu wao leo wanaulizwa kabila wanajibu "mtu wa Tanga".

Tanga nilipita haraka, nikisema nitarudi. Basi dogo la kwenda Pangani lilikuwa limejaa hadi mlangoni, na konda aliniweka juu ya injini, miguu juu ya begi la vitabu. Ni kama kilomita 50 tu, lakini barabara ilikuwa inajengwa, sehemu lami mbichi, sehemu vumbi jekundu na magreda. Huu ni mradi mkubwa, wa kilomita 256 kutoka Tanga kupitia Pangani hadi upande wa Bagamoyo, ili siku moja mtu atoke Malindi mpaka Bagamoyo akifuata pwani. Tulipita Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya zamani, tukapita Kigombe, ambako wavuvi walianza kunasa silikanti, yule samaki ambaye dunia ilidhani ametoweka zamani za kale. Sasa eneo lile ni hifadhi ya bahari iliyotangazwa 2009 kwa ajili yake. Samaki amepata hati ya ukaazi wake, nilijisemea juu ya ile injini ya moto.

Pangani unaingia bila kupigiwa baragumu. Minazi inapungua, nyumba za mawe zilizochoka zinajitokeza, halafu ghafla mto. Maji yake yametoka Kilimanjaro na Meru, yamepita Bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Hale, na hapo mwishoni yanamwagika baharini yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Upande wa pili ni Bweni, na kati yake kivuko cha MV Tanga kinakwenda na kurudi na pikipiki, mbuzi, magunia ya nazi. Juu kidogo nguzo za daraja jipya zilikuwa zinapanda. Likimalizika litakuwa na urefu wa mita 525. Kwenye ukingo wa mji yako majengo ambayo mtu wa Mombasa anayasoma upesi: boma la Wajerumani, nyumba ya forodha, maghala. Katika mji huu, Desemba 15, 1889, Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga. Na forodhani hapo alifanya kazi ya ukarani mwandishi mashuhuri wa Kiswahili, Shaaban Robert, angali kijana, akihesabu mizigo ya wengine. Nilisimama mbele ya forodha na mabegi yangu mawili nikisubiri mtu aniulize nimeleta nini.

Aliyeniuliza ni mama mkwe.

"Karibu, baba. Umekuja na vitabu tu? Hata mto hukubeba?" Kisha akacheka, akanipokea begi zito zaidi kwa lazima ingawa nilikataa. Mke wangu alikuwa zamu hadi jioni. Nikapewa maji ya kuoga, wali wa nazi, changu wa kukaanga na kisamvu, na amri ya kulala. Chumba kilikuwa kimepakwa chokaa mpya. Kitanda kilikuwa cha mke wangu, kabati la mke wangu, dirisha lililotazama mto la mke wangu. Babu yangu angejisikia nyumbani kabisa.

Asubuhi mama mkwe alijifunga khanga mbili akanipeleka kwa mjumbe, na kutoka hapo kwa mwenyekiti wa mtaa. Jambo hili sisi Kenya hatuna kwa namna ile. Mjumbe ni mzee wa nyumba kumi. Anajua nani kalala wapi, nani kaondoka, nani kaleta mgeni. Aliandika jina langu kwenye daftari la mkono, namba ya pasipoti, na kwenye sababu ya kuja akaandika "mkwe". Nadhani hiyo ndiyo hati nzuri zaidi niliyopata Tanzania, ingawa haina nguvu popote nje ya mtaa ule. Kutoka hapo tukaenda kusajili laini ya simu. Raia husajili kwa namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA, na alama za vidole. Mimi kwa pasipoti na alama za vidole. Binti wa dukani alibonyeza dole gumba langu kwenye kile kimashine mara kadhaa mpaka kikakubali, akasema vidole vya walimu kama mimi vina chaki.

Hapo ndipo lilipokuja suala la kula. Muuguzi analipwa, lakini mume mzima haketi barazani akisubiri mwisho wa mwezi wa mkewe, hata kama sheria ingependa iwe hivyo.

Shemeji yangu ana mashua ya kupeleka watalii Maziwe, kile kisiwa cha mchanga kilichotangazwa hifadhi mwaka 1975, ambacho siku hizi bahari ikijaa kinafunikwa chote. Yeye ana nahodha na injini. Anachokosa ni mtu wa kupiga soga na wageni, kuwaeleza habari za Abushiri na kasa na mkonge. "Hiyo ni kazi yako, shemeji. Wewe unajua kusema."

Ilikuwa kazi yangu kweli, ila nilikuwa nimechelewa kwa wiki chache. Mwishoni mwa Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, alitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Kuongoza watalii imo. Imo pia saluni, kutengeneza simu, uwakala wa fedha kwa simu, udalali wa nyumba, kununua mazao shambani, duka la rejareja isipokuwa supamaketi, na viwanda vidogo. Adhabu kwa mgeni ni faini ya shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na anaweza kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Raia anayemsaidia naye hasalimiki: faini ya milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi 3. Serikali ya Kenya ililalamika kwamba amri hiyo inakwenda kinyume cha Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Katika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, ambako wafanyabiashara walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kuhusu wageni wanaouza hadi rejareja, wengi walishangilia. Mimi nawaelewa wa Kariakoo. Anayeuza ndala barabarani hawezi kushindana na mwenye kontena. Lakini amri ilipigwa kwa rungu pana, na shemeji alipoisikia ile ya milioni 5, hakunitajia tena Maziwe.

Nikarudi Tanga, kama nilivyoahidi, kwa mkuu wa shule moja ya binafsi ambaye rafiki yangu wa Mombasa alisoma naye. Kiswahili ndilo somo langu, na nina miaka mingi darasani. Alinipokea vizuri, akaagiza chai na maandazi, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanieleza jinsi sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015 inavyokwenda. Mgeni hajiombei, mwajiri ndiye anayemwombea kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi. Kikitoka kibali hicho ndipo Uhamiaji inatoa kibali cha ukaazi cha daraja B. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri wenye mtaji, daraja C ni la wanafunzi, watafiti na wengineo. Na katika maombi, mwajiri aonyeshe kwamba amemtafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo akamkosa.

Akaweka kikombe chini. "Sasa, mwalimu, nimwandikie Kamishna kwamba nimezunguka mkoa aliozaliwa Shaaban Robert, sikuona mtu wa kufundisha Kiswahili?"

Tulicheka wote wawili mpaka karani akachungulia. Baada ya kicheko hapakuwa na la kuongeza. Ningekuwa mwalimu wa fizikia, alisema, angejaribu.

Njiani kurudi Pangani nilikuwa na Itifaki ya Soko la Pamoja kwenye simu, ile iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, nikaisoma tena kati ya mashimo. Kifungu cha 10 kinampa mfanyakazi wa nchi mwanachama anayefanya kazi katika nchi nyingine haki ya kwenda na mwenza wake, na mwenza huyo ana haki ya kuajiriwa au kujiajiri huko. Nikasoma polepole nisije nikajidanganya. Mke wangu angekuwa Mganda aliyeajiriwa Tanga, mimi mumewe ningekuwa na kifungu cha kushika. Lakini yeye hakuhama. Yuko kwao, alikozaliwa, akichoma sindano watu wa kwao. Kifungu kinamlinda anayemfuata mke aliyesafiri. Anayemfuata mke aliyebaki nyumbani kimemruka. Sidhani kuna aliyekusudia. Waliokaa mezani walikuwa na wafanyakazi akilini, na mfanyakazi waliyemwona ni mwanamume anayeondoka na mkewe nyuma.

Kwa sasa ninachokula ni kazi ya zamani: kuhariri vitabu vya shule vya mchapishaji mmoja wa Nairobi. Nilikuwa naifanya Mombasa usiku, na malipo yanaingia kwenye akaunti yangu ya Kenya. Hainyang'anyi kazi ya mtu wa Pangani. Hata hivyo wakili niliyemuuliza Tanga hakunipa jibu la moja kwa moja. Alisema nianze kwanza kuhalalisha kukaa, mengine yafuate.

Kuhalalisha kukaa maana yake ni pasi ya mtegemezi. Mwenye pasi hiyo anakaa kwa mgongo wa aliyemwombea, na hafanyi kazi. Mwombaji ni mwenyeji, si mgeni. Kwa hiyo siku mke wangu alipokuwa hana zamu tulikwenda Uhamiaji pamoja, na bahasha ya nakala: cheti cha ndoa cha Kenya, pasipoti yangu, kitambulisho chake cha NIDA, barua ya mwenyekiti wa mtaa, barua yake mwenyewe ya kueleza kwamba ananitunza, picha zangu ndogo. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo. Alikipindua cheti cha Vanga mbele na nyuma, akauliza nani aliyetufungisha, akaridhika.

Maombi yanajazwa kwenye mtandao, lakini alitusaidia kujaribu kwanza kwenye karatasi. Mke wangu alikaa mbele ya meza, mimi nikapewa benchi la ukutani. Walijaza wawili hao: jina, utaifa, uhusiano. Walipofika penye kazi ya mtegemezi mke wangu akageuka.

"Niandike mwalimu?"

"Ukiandika mwalimu," afisa akasema, "watauliza anafundisha wapi."

"Mhariri?"

"Watauliza anahariri nini, na nani anamlipa."

Mke wangu akanitazama, kalamu hewani. Nikamwambia aandike mume. Afisa akasema mume ni uhusiano, umeshaandikwa juu. Mwishowe wakapiga mstari kwenye nafasi ile, wakaendelea na anwani. Namba ya malipo ilikuja kwenye simu yake jioni, akalipa kwa mshahara wake kabla hajavua viatu. Majibu hayajatoka. Muhuri wa Horohoro unaisha Novemba, na shemeji ameshaniuliza kama nitatoka kwenda kuugonga upya au nitangoja. Nimemwambia swali hilo amuulize dada yake.